Ndege ya Mzee Teichmann

Ndege ya mzee Teichmann iliruka kutoka Ash Creek Jumatatu asubuhi, ikaelekeza pua kusini, na kabla haijayafikia mawingu nusu ya watu wa nchi ya ngano walikuwa wameshaiona kwenye ramani ya safari za ndege katika simu zao. Lorna Haupt naye aliiona. Alikuwa amesimama jikoni kwake, Salina, kipande cha mkate mdomoni, simu ameiegemeza kwenye birika, akikitazama kile kidude cha manjano chenye mabawa kikitambaa kwenye ramani kama mdudu juu ya kitambaa cha meza.

"Geuka," alikiambia. "Nenda Omaha. Nenda hata Mexico, nitakusamehe."

Hakikugeuka. Kilikwenda Dallas, kama kilivyokwenda wiki iliyopita na ile iliyoitangulia. Na Dallas ndiko ziliko ofisi za Ligi ya Pwani Mbili, ligi tajiri, yenye vyuo mpaka huko ambako hata bata hajawahi kuona pwani.

Lorna alikuwa kamishna wa Ligi ya Nyanda, vyuo vinane vya nchi ya ng'ombe na upepo. Kazi ya kamishna ni kama ya mtu anayeshikilia turubai siku ya dhoruba. Watu wote wanakula na kucheka chini yake, na hakuna anayemkumbuka mpaka kona moja ichomoke. Ijumaa hiyo vyuo vyote vilikuwa vikutane hotelini kutia sahihi mkataba mpya wa televisheni. Kampuni ilikuwa tayari kuonyesha futiboli yao, ile ya kofia ngumu na mabega ya kubandika, kwa miaka kadhaa mbele, na futiboli ndiyo inayowalisha waogeleaji, wapiga mieleka, wasichana wa mpira wa wavu na kila mtoto anayeruka au kurusha kitu katika vyuo hivyo. Lorna mwenyewe alisomeshwa na mkuki aliokuwa akiurusha.

Kampuni iliweka sharti moja. Vyuo viwe vinane. Vikiwa saba, hakuna mkataba. Na bila mkataba, kila chuo kingetimua mbio kivyake na ligi ingebaki jina kwenye vikombe vya kahawa.

Alipofika ofisini alimkuta Duane Sipes mlangoni kwake. Duane alikuwa msemaji wa ligi, mtu mnene, mpole, mwenye kipaji cha kuleta habari mbaya kwa sauti ya kubembelezea mtoto.

"Umeiona, bosi?"

"Nimeiona."

"Kwenye jukwaa la mashabiki mtandaoni wamechangamka. Nikusomee?"

"Usinisomee."

"Kuna huyu anayejiita Babu Ngano. Anasema mzee Teichmann hana shida ya kofia mpya, kwa hiyo Dallas anafuata nini? Shabiki mwingine anamjibu, nyie Ash Creek mkitutoroka rudisheni kwanza lile kombe mlilopewa na refa. Babu Ngano naye anamrudishia, refa yule ni shemeji yako, na dada yako anajuta mpaka leo."

"Duane, nimesema usinisomee."

"Basi. Lakini kuna picha."

Lorna akanyoosha mkono. Picha ilipigwa wiki iliyopita kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Ash Creek, kupitia uzio. Merritt Oskamp, mkurugenzi wa michezo wa Ash Creek, alikuwa akipanda ngazi ya ndege, amefunga tai, amekumbatia mkoba mnene wa ngozi kwa mikono miwili. Chini yake mtu alikuwa ameandika: *Ligi yetu imo humo ndani.*

Ungedhani ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Lakini mashabiki wa nchi hiyo wanazijua namba za ndege za matajiri wa vyuo kuliko wanavyozijua siku za kuzaliwa za watoto wao. Ndege ikitua mji fulani, wanakuambia kocha gani atafukuzwa na nani anakuja mahali pake. Kinachotisha ni kwamba mara nyingi wanapatia. Chuo cha mwisho kuihama Ligi ya Nyanda, Lorna aliisikia habari hiyo kwa kinyozi wake, ambaye aliipata kwenye ramani ile ile.

Akafunga mlango, akampigia Merritt. Walijuana tangu ujana, tangu siku za mabasi ya timu na mikate ya baridi.

"Lorna mama," Merritt alisema. "Za huko?"

"Wiki iliyopita ulikuwa Dallas."

"Nilimsindikiza mtu."

"Kufanya nini?"

"Mambo yake binafsi."

"Mambo binafsi ya kufungia tai?"

"Siwezi kukuambia. Nimeapa."

"Merritt, mimi nakujua. Ukicheza karata unatokwa jasho mpaka masikioni. Niambie kitu kimoja tu. Mnaondoka?"

Akamsikia akivuta pumzi, kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyesimama mbele ya kipaza sauti. "Ash Creek imo ndani ya Ligi ya Nyanda kwa moyo wote."

Lorna aliweka simu chini kwa uangalifu, kama anayeweka yai. Afadhali angemtukana. Maneno hayo kila chuo huyasema, neno kwa neno, na huyasema kikiwa kimeshafunga mizigo. Yule wa mwisho kuondoka aliyasema Alhamisi, mkono kifuani, machozi yakimlenga. Jumamosi alikuwa kwenye televisheni na kofia ya ligi nyingine kichwani. Katika biashara ile, mtu anayekaa hana haja ya kusema anakaa. Huyo hulalamika tu kuhusu marefa.

Siku ile Lorna hakuonja chakula cha mchana. Aliichukua ramani ya vyuo akaitazama kwa jinsi mtu anavyotazama mdomo wenye pengo. Kama Ash Creek watachomoka kabla ya Ijumaa, lazima awepo wa nane wa kuziba, na awe tayari kabla mwenye televisheni hajafunga kalamu yake. Kulikuwa na chuo kimoja tu cha karibu kilichoweza: Black Butte, kidogo, maskini, chenye uwanja ambao upande mmoja hauna hata viti, na ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikibisha hodi na kuambiwa kisubiri.

Aliona akili yake ni kali mno. Hangepanda ndege, si yeye wa kufanywa mdudu wa manjano kwenye ramani ya watu. Jumanne alichukua pikapu ya mumewe, ile yenye harufu ya mbwa, akavaa kofia ya jua, akaendesha kutwa nzima mpaka kamji ambako hakuwa na jamaa wala adui. Huko, kwenye mkahawa wa kando ya barabara, alikuwa akimsubiri Dakta Wendell Crocker, mkuu wa Black Butte, mtu mrefu mwenye shingo nyembamba na koti lililokuwa zuri zamani. Alikuwa ameshaagiza pai ya cheri na hakuwa ameigusa.

"Sikuahidi chochote," Lorna alisema kabla ya kukaa.

"Najua."

"Nauliza tu. Nafasi ikitokea."

"Ikitokea lini?"

"Ijumaa."

Crocker akauweka uma chini, akaushika tena, akauweka. "Ijumaa hii?"

"Huenda isitokee. Naomba isitokee, nikuambie ukweli. Lakini ikitokea nikikupigia utasema nini?"

"Nitasema ndiyo kabla hujamaliza kusema haloo." Akacheka, na kicheko kikamtoka kibaya, kama cha mtu aliyepaliwa. "Kamishna, unajua sisi tunaendesha mabasi yetu wenyewe? Kocha wa mbio ndiye dereva. Mgawo wa televisheni, hata ule wa mwaka mmoja..." Alitazama dirishani.

"Usimwambie mtu."

"Nani, mimi? Hata mke wangu hatasikia."

Mama mhudumu akaja kuwaongezea kahawa, akamtazama Lorna, akaitazama kofia, akamwambia kwamba pai ya tufaha ndiyo nzuri leo. Lorna akala ya tufaha. Kweli ilikuwa nzuri. Alipotoka alijisikia mwepesi kidogo kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Wepesi huo ulidumu mpaka Duane alipopiga simu.

"Bosi, uko wapi?"

"Kwa daktari wa meno."

"Basi daktari wako anatoa pai," Duane alisema kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "Uko kwenye picha. Wewe na Crocker wa Black Butte. Aliyeipiga ni yule mama wa kahawa. Mwanawe anacheza ulinzi Ash Creek."

Lorna akasimamisha pikapu kando ya shamba la mtama, akaweka paji la uso juu ya usukani. Alikuwa ameogopa kila kilichoko angani, akasahau kwamba katika nchi hiyo hakuna anayemimina kahawa asiye na timu.

Simu zilianza kumiminika. Wakurugenzi wa vyuo vingine walitaka kujua nani anatolewa. Sisi? Ni sisi, siyo? Mmoja alimwambia kwa adabu kubwa kwamba chuo chake kimo ndani ya Ligi ya Nyanda kwa moyo wote. Ila simu moja haikuja. Merritt Oskamp hakupiga, na alipopigiwa hakupokea, kutwa nzima ya Jumatano.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi Lorna aliingia Ash Creek bila hodi, kwa pikapu ile ile, bila kofia safari hii. Merritt alikuwa ofisini kwake, shati limekunjamana, kifua wazi hapo ambapo tai hukaa.

"Ungeniambia," Merritt alisema. "Miaka yote hii. Ungeniambia, 'Merritt, tunawatupa nje,' nikajua."

"Sikuwa nawatupa. Nyie ndio mlikuwa mnaondoka."

"Nani kakuambia?"

"Ndege."

Merritt akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa Kichina. Kabla hajajibu, mlango wa pili ulifunguka, akaingia mzee mkubwa wa mifupa, buti za ngozi, mkanda wenye kibati cha fedha. Huyu ndiye Orval Teichmann, mwenye maghala ya nafaka, mwenye ndege, aliyejenga uwanja wa Ash Creek na jina lake likaandikwa juu ya mlango kwa herufi ndefu kuliko watu.

"Huyu ndiye?" mzee aliuliza. Sauti ilitoka na upepo ndani yake. "Huyu ndiye anayekula pai na Black Butte?"

"Mzee, tafadhali," Merritt alisema.

"Usinitafadhalishe. Mwanamke, unataka kujua mimi ninafuata nini Dallas?" Akamsogelea Lorna, akainama, akaachama.

Lorna alichungulia, kwa kuwa hapakuwa na pa kutazama pengine. Meno ya mbele ya mzee hayakuwepo. Mahali pake palikuwa na vichuma vidogo vimechomoza kwenye fizi kama misumari ya uzio.

"Ndama," Merritt alisema kwa sauti ya chini. "Alimpiga teke wakati wa kutiwa alama kwa chuma cha moto."

"Fahali," mzee alisema.

"Watu wanaambiwa ni fahali, na kwamba teke lilimkosa."

"Wanapandikiza moja moja," mzee alisema, akifunga mdomo kwa heshima zake zote. "Kila wiki jino moja au mawili. Daktari mzuri yuko Dallas. Hapa wote wangejua. Mimi naongoza gwaride la wahitimu mwezi ujao juu ya farasi, na sitaki mtoto yeyote anielekezee kidole."

"Na wewe?" Lorna alimgeukia Merritt. "Na tai? Na mkoba?"

Merritt akatazama viatu vyake. "Anaogopa sindano. Namshika mkono. Mkobani kuna supu kwenye chupa ya chai, na mto wake."

"Nusu ya supu," mzee alisema. "Nyingine huinywa yeye."

Ungekuwa wakati mwingine, Lorna angecheka mpaka akae sakafuni. Lakini aliona Merritt hacheki.

"Merritt. Mmefanya nini?"

"Jumanne jioni mkuu wa chuo aliiona picha yako. Akaita kikao." Merritt alikuwa akizisugua nyusi zake. "Lorna, kabla ya Jumanne, Dallas sisi tulijua meno tu. Naapa. Lakini ulipokuwa unatutafutia mrithi ulitaka tukae tukisubiri? Jumatano tuliwapigia Pwani Mbili. Tukawauliza kama wanatutaka."

"Wakasema?"

"Watajibu Ijumaa asubuhi."

Nje, uwanjani, mtu alikuwa akipuliza filimbi na wavulana walikuwa wakigongana mabega.

"Wapigieni muwaambie mmebadilisha mawazo," Lorna alisema.

"Ili Ijumaa wewe uje na Black Butte mkononi? Funga mlango wako kwanza. Mpigie Crocker hapa, nisikie."

"Halafu?"

"Halafu tutaona."

"Hiyo si ahadi."

"Hapana," Merritt alisema. "Si ahadi."

Lorna akahesabu kwa haraka, na kila njia aliyopita ilimtoa mahali pabaya. Akifunga mlango wa Black Butte na Pwani Mbili wakasema ndiyo, kesho ana saba, na ligi imekwisha. Asipoufunga, Ash Creek wanaondoka na hasira yao, wengine wanaona, na Jumatatu hana hata hao saba. Nani atakaa kwenye nyumba ambayo mwenyewe anauza vyumba kwa siri? Akaitoa simu, akampigia Crocker, akaiweka mezani ili wote wasikie.

"Ndiyo," Crocker alisema, kabla Lorna hajasema haloo.

"Wendell. Ni Lorna. Nafasi haipo."

"Ash Creek wanabaki?"

Lorna akamtazama Merritt. Merritt akatazama dirisha. "Sijui," Lorna alisema. "Lakini kwako haipo."

"Wasichana wa mpira wa wavu tumeshawaambia," Crocker alisema polepole.

"Ulisema hata mke wako hatasikia."

"Mke wangu hajasikia." Akakohoa. "Sawa, kamishna. Asante kwa kupiga mwenyewe. Wengi hutuma mtu."

Mzee Teichmann alikuwa ameshafika mlangoni, kofia mkononi. "Habari ya meno," alimwambia Lorna, "haitoki humu. Apa."

Lorna akaapa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba angeapa hata kwa yule ndama.

Ijumaa, chumba cha mikutano cha hoteli pale Salina kilikuwa na meza ndefu, kalamu nane na viti nane. Saba vilikuwa na watu. Mwakilishi wa kampuni ya televisheni, mama nadhifu aitwaye Pruitt, alikuwa ameketi kichwani mwa meza, akitazama saa ya ukutani bila kujificha. Lorna aliongea. Aliongea juu ya mvua, juu ya mahindi, juu ya goti la mumewe. Alijisikia akiongea na hakuweza kunyamaza.

"Imeruka," alisema Glenn Stroud, mkurugenzi aliyekaa kwenye kiti cha tatu. Hakulazimika kusema ni nini.

Vichwa saba vikainama pamoja, kama wanaosali. Kila simu ilikuwa chini ya ukingo wa meza na kila simu ilikuwa na mdudu yule yule wa manjano akipanda kutoka Ash Creek. Lorna aliinamisha chake pia. Salina iko mashariki ya Ash Creek. Ndege ilizunguka mara moja juu ya maghala. Ikanyoosha bawa. Ikaenda kusini.

Mtu alitoa pumzi kwa nguvu. Glenn akasukuma kiti nyuma na kusema anahitaji kupiga simu moja fupi, na wengine wawili wakakumbuka kwamba wao pia. Bi Pruitt alianza kukusanya kalamu, bila haraka, moja baada ya nyingine.

"Mpeni dakika chache," Lorna alisema. Sauti yake aliisikia ikitokea mbali.

"Kamishna," Bi Pruitt alisema, "mtu yule yuko angani."

Lorna akatoka ukumbini kwa kuwa hakutaka wamwone uso. Ndipo alipomwona Merritt Oskamp akija kwenye korido, vumbi mpaka kwenye nyusi, akichechemea kama mtu aliyekaa garini tangu alfajiri.

"Mzee alikuwa na miadi," Merritt alisema. "Leo ni la mwisho. Ilibidi nije na gari."

"Pwani Mbili?"

"Wametukataa. Yule mtu alikuwa mpole sana. Akasema kwetu nyumba zenye televisheni ni chache mno, na ng'ombe hawahesabiwi."

"Na wangekubali?"

Merritt alijifuta uso kwa kiganja, akautazama uchafu. "Nisingekuja."

"Sawa."

"Na wewe? Kama nisingekulazimisha, ungemwacha Crocker akisubiri?"

"Mpaka dakika hii."

Walisimama pale kidogo, watu wawili waliokuwa wakigawana mikate ya baridi zamani, kila mmoja akimwona mwenzake vizuri kuliko alivyopenda. Kisha Lorna akamkung'uta vumbi begani, kwa kofi moja zito kuliko lilivyohitajika, wakaingia.

Merritt akakaa kwenye kiti cha nane. Bi Pruitt akazigawa kalamu upya. Hakuna aliyepiga makofi. Glenn Stroud alimkodolea macho Merritt, akaikodolea simu yake, ambamo ndege ilikuwa bado inateremka kusini, akamkodolea Merritt tena.

"Sasa kama wewe uko hapa," alisema, "kule Dallas anakwenda nani?"

Merritt akamtazama Lorna. Meza nzima ikamtazama Lorna.

"Sahihi yako hapo chini, Glenn," Lorna alisema, na kumsogezea karatasi.

Glenn akatia sahihi kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa chini ya meza, na Lorna aliona bega lake likicheza kidogo, kama la mtu anayeandika kwenye simu.